Jinsi ya kuiboresha Rubisko ili mazao yakue vizuri: mwongozo kwa mwanafunzi na mtafiti anayeanza

Kama unasoma sayansi ya mimea na unatafuta kitu cha kufanyia utafiti ambacho kikifanikiwa kinagusa sahani ya kila mtu, ingia kwenye Rubisko. Hii ndo enzaimu inayoshika hewa ukaa ndani ya jani na kuigeuza iwe mwanzo wa sukari, na karibu kila tunachokula kimepita hapo, ugali, wali, maharage, hata nyama ya ng'ombe aliyekula majani. Mzunguko wa hatua za kugeuza hewa ukaa kuwa sukari ulifumbuliwa na kina Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham kule California kwa kufuatilia kaboni yenye mionzi, Calvin akapewa Nobel mwaka 1961, na mpaka leo watu wanajiuliza inakuwaje enzaimu muhimu hivi iwe goigoi namna hii.

Goigoi kweli, sio utani. Kuna enzaimu zinafanya kazi mamia na maelfu ya mara kwa sekunde, Rubisko ya mimea inashika molekuli kama 3 tu kwa sekunde kwa kila eneo lake la kazi. Mmea unafidia kwa kuitengeneza kwa wingi, mpaka kwenye jani la ngano au mpunga inaweza kufika nusu ya protini yote inayoyeyuka na robo hivi ya naitrojeni ya jani iko humo, kwa hiyo urea unayoweka shambani sehemu yake kubwa inaenda kujenga hii enzaimu moja. Alafu kuna tatizo la pili, na hili kwangu ndo kubwa zaidi, inachanganya hewa ukaa na oksijeni. Maji yaliyokaa na hewa ya kawaida kwenye nyuzi joto 25 yana hewa ukaa mikromola 14 hivi kwa lita na oksijeni zaidi ya 250, sasa Rubisko iko kama konda wa daladala saa ya jioni, mlango umejaa watu na hawezi kutofautisha abiria mwenye nauli na mdandiaji. Katika mara nne au tano inazofanya kazi, moja inadaka oksijeni. Ikidaka oksijeni inatoka takataka inayoitwa fosfoglikoleti ambayo mmea lazima uisafishe kwa kuizungusha kloroplasti, peroksisomu na mitokondria, njiani unapoteza kaboni uliyokwisha kuishika na nishati juu yake. Na joto likipanda hali inazidi kuwa mbaya, kwa sababu hewa ukaa inapungua kwenye maji haraka kuliko oksijeni na enzaimu yenyewe inazidi kuwa ovyo kuchagua. Kwa hiyo Morogoro au Kitui mchana wa jua kali hili linauma kuliko Uingereza.

Kabla hujagusa chochote shika hili moja maana litarudi kila hatua: jaribu enzaimu yako kwenye hewa, joto na udongo ambao mmea utaishi nao. Ukiichagua kwenye hali ya maabara iliyonyooshwa, utapata enzaimu inayopenda maabara. Karibu kila kazi iliyokwama kwenye eneo hili ilikwama hapo, na nitakuonyesha.

Anza na zao, sio na enzaimu

Jiulize zao lako ni la kundi gani. Mahindi, mtama, uwele, ulezi na miwa ni C4, yaani yana pampu yake inayosukuma hewa ukaa mpaka kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, huko ndiko Rubisko ilipo na inaogelea kwenye hewa ukaa ya kutosha kwa hiyo oksijeni haiisumbui sana. Mkonge na nanasi ni CAM, yanafungua vitundu vya majani usiku na kuhifadhi hewa ukaa. Mpunga, ngano, mhogo, kunde, maharage, soya, viazi, hayo ni C3, Rubisko yake iko wazi inapigwa na oksijeni moja kwa moja. Kwa mazao ya C3 unachotafuta ni enzaimu inayochagua vizuri, kwa C4 unaweza kutafuta spidi au wingi. Ukichanganya haya mawili utapoteza miaka.

Maana hivi vitu vinavutana, enzaimu zenye spidi kubwa mara nyingi ni ovyo kuchagua na zinazochagua vizuri mara nyingi ni za polepole. Rubisko ya mwani mwekundu inachagua karibu mara mbili ya ile ya ngano, ile ya bakteria wa jamii ya Gallionella iliyopimwa na watu wa Weizmann kule Israeli mwaka 2020 inafika mara 22 hivi kwa sekunde lakini imezoea mazingira yasiyo na oksijeni nyingi. Hakuna namba moja ya kufukuzia. Namba ninayokushauri uiangalie ni ufanisi wa kushika hewa ukaa wakati oksijeni ipo asilimia 21, yaani spidi ugawanye kwa kiwango cha hewa ukaa inachohitaji enzaimu ifike nusu ya spidi yake, vyote vikiwa vimepimwa oksijeni ikiwemo. Makala ya utafiti ikikupa spidi peke yake, soma kwa tahadhari.

Kama huna maabara ya kubadilisha jeni

Usikate tamaa, hapa pana kazi nzuri sana na naona wengi wanaidharau. Aina za asili zinatofautiana. Chukua mbegu za kienyeji na zilizoboreshwa za zao lako, zipande pamoja, alafu pima majani kwa mashine ya kupimia gesi, LI-COR ndo watu wengi wanaijua, ni ghali kwa hiyo azima kwenye chuo au kituo cha utafiti kilicho karibu.

Namna ya kupima. Chagua jani la juu lililokomaa, lililokaa juani, saa tatu hadi saa tano asubuhi kabla vitundu havijaanza kujifunga kwa ukame wa mchana. Libane kwenye chemba, weka taa ya kutosha, mikromola 1500 kwa mita ya mraba kwa sekunde na kuendelea, joto la jani liweke sawa kwa mimea yote na liwe joto la kwenu sio 25 kwa sababu tu vitabu vimesema 25. Subiri mpaka namba zitulie, hii inaweza kuchukua nusu saa na watu wanaharakisha hapa wanaharibu data yote. Alafu anzia hewa ukaa 400 (sehemu kwa milioni), shuka 300, 200, 100, 50, rudi 400, kisha panda mpaka 1200 au 1500. Ile sehemu ya chini ya mstari, pale hewa ukaa ni kidogo, ndiyo inayokuambia uwezo wa Rubisko, inaitwa Vcmax, sehemu ya juu inakuambia habari za mwanga na mambo mengine. Programu za bure za lugha ya kompyuta ya R zinakokotoa vizuri.

Kwa mhogo hii imeshafanyika, watu wa Illinois walipima aina za mhogo za Afrika na wakachapisha mwaka 2020, wakakuta kwenye mwanga uliotulia kinachozuia ni Rubisko pamoja na ugumu wa hewa ukaa kupenya ndani ya jani, lakini mwanga ukiwa unabadilika badilika, wingu linapita jua linarudi, kinachozuia ni vitundu vya majani. Unaona sasa? Swali lile lile, majibu mawili, inategemea umepima kwenye hali gani, na shambani mwanga haujawahi kutulia. Kwa ngano, Samuel Taylor na Stephen Long walikadiria mwaka 2017 kwamba Rubisko kuchelewa kuamka jua linaporudi kunaweza kugharimu angalau asilimia 21 ya kaboni ambayo jani lingeshika. Kwa hiyo ukimaliza mistari yako ya hewa ukaa, fanya na kipimo cha pili, liweke jani kivulini dakika thelathini, washa taa ghafla, hesabu linachukua muda gani kufika kileleni. Aina inayoamka haraka ni mali, iweke pembeni kwa ajili ya kuzalisha.

Anayeiamsha Rubisko ni protini nyingine inaitwa aktivesi, na hii ndo dhaifu kwa joto, inaanza kulegea mapema kabla Rubisko yenyewe haijaumia. Habari njema ni kwamba ni rahisi kuigusa kuliko Rubisko. Kwenye ngano, kundi la Elizabete Carmo-Silva pale Lancaster lilionyesha mwaka 2020 kuwa kubadilisha asidi amino moja tu kwenye aktivesi kunaifanya ivumilie joto zaidi, kama nyuzi 5 hivi. Kama uko Afrika Mashariki na una nafasi ya mradi mmoja tu, mi ningekushauri uanzie hapa kwenye aktivesi, angalia kunde na maharage, tafuta ipi asilia inayovumilia joto.

Kama una maabara na unataka kuibadilisha Rubisko yenyewe

Njia inayofanya kazi leo ni kuilazimisha ibadilike ndani ya bakteria E. coli, na mtego wake ni mzuri kweli. Unampa bakteria jeni ya enzaimu nyingine inaitwa PRK, hii inatengeneza RuBP, sukari ambayo Rubisko inaila ikishika hewa ukaa. Bakteria hana matumizi na RuBP, ikijaa ndani yake inamuua. Kwa hiyo anayebaki hai ni yule mwenye Rubisko inayofanya kazi ya kuimaliza. PRK unaiwasha kwa sukari ya arabinosi, ukiongeza arabinosi kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, unakaza kamba, ukipunguza unalegeza.

Sasa bakteria ni wajanja, njia rahisi ya kupona sio kuboresha Rubisko, ni kuivunja PRK. Utaamka asubuhi sahani imejaa makoloni unafurahi, kumbe wote wamekata PRK. Dawa yake waliitoa Robert Wilson na Spencer Whitney na wenzao wa Australia mwaka 2018, waliunganisha PRK na protini inayompa bakteria kinga dhidi ya dawa ya kanamaisini, zikawa kitu kimoja, ukiizima PRK na kinga umeipoteza, na kanamaisini iliyoko kwenye agari inakumaliza. Usianze kazi hii bila huo muunganiko.

Kuleta mabadiliko unaweza kutumia PCR, mbinu ya kunakili DNA, yenye makosa ya makusudi, ni bei nafuu ila unarudia kila mzunguko kwa mkono, unatoa jeni, unarudisha, unatoa tena. Njia ya kisasa zaidi inaitwa MutaT7, unachukua ile polimerasi ya kirusi T7, enzaimu inayosoma DNA, unaiunganisha na enzaimu inayobadilisha herufi za DNA, inasafiri juu ya jeni yako tu na kuibadilisha ndani ya bakteria akiwa hai, jeni nyingine zake haziguswi sana. Mwaka 2025 Matthew Shoulders na Wilson wakiwa MIT na wenzao walitumia njia hii kwa ile Rubisko ya jamii ya Gallionella yenye spidi, na cha muhimu waliikuza kwenye hewa yenye oksijeni kama tunayovuta sisi. Walipata mabadiliko yanayoifanya isumbuliwe kidogo na oksijeni, ufanisi ukapanda mpaka asilimia 25. Angalia walichofanya, walichukua enzaimu iliyozoea maisha ya oksijeni kidogo wakailea kwenye oksijeni, na kilichobadilika ndicho hicho walichokibana. Wangeilea kwenye chemba ya hewa ukaa nyingi ingebadilika kwingine kabisa.

Kwa hiyo kwako: anza mizunguko ya kwanza na hewa ukaa ya kutosha ili bakteria wasife wote, alafu ishushe mzunguko hadi mzunguko mpaka ufike hewa ya kawaida. Ukianzia hewa ya kawaida siku ya kwanza utapata sahani tupu.

Kama lengo ni Rubisko ya mmea na sio ya bakteria ujue kwamba haijikunji yenyewe ndani ya E. coli. Ina vipande 8 vikubwa na 8 vidogo na inahitaji wasaidizi wa kuikunja. Watu waliteseka na hili miongo mingi mpaka Manajit Hayer-Hartl na timu yake pale Max Planck, Ujerumani, walipoiunda mwaka 2017 kwa kumpa bakteria wasaidizi wa kloroplasti wote kwa pamoja, wakiwemo Raf1, Raf2, RbcX na BSD2. Leo ndo msingi wa kazi ya Rubisko za mimea.

Kupima kama kweli imeboreka

Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Koloni likikua vizuri linaweza kuwa na Rubisko ile ile ila inajikunja vizuri zaidi ndani ya bakteria, kwa hiyo zipo nyingi, na kwenye mmea hiyo haikusaidii kitu. Lazima uisafishe protini na uhesabu spidi kwa kila eneo la kazi. Kuhesabu maeneo ya kazi unatumia kemikali inaitwa CABP yenye kaboni ya mionzi, inang'ang'ania kwenye Rubisko haitoki, idadi yake ndo idadi ya maeneo.

Kipimo chenyewe: kama ni jani, kata duara, lidumbukize kwenye naitrojeni ya maji papo hapo, usitembee nalo mkononi maana kila sekunde enzaimu inabadilika. Saga kwenye kinu kilichopoa na bafa (maji yanayotunza kiwango cha asidi) yenye magnesiamu, na kwa mhogo weka unga wa PVPP wa kutosha kufyonza zile kemikali zinazofanya majimaji yawe kahawia, ukiona kahawia tupa anza upya, protini imeshaungua. Ipe enzaimu dakika kama kumi na magnesiamu na baikaboneti yenye kaboni ya mionzi iamke, ikilala spidi itakuwa ndogo na utailaumu bure. Anzisha kwa RuBP, hesabu dakika moja, simamisha kwa asidi fomiki, kausha mpaka pakavu kabisa ili kaboni ambayo haikushikwa iondoke, alafu soma mionzi kwenye mashine. Rudia kwa hewa ukaa tofauti na kwa oksijeni sifuri na 21. Na rudia kwenye nyuzi 25 na 35, hiyo ya 35 watu wanairuka wakati ndo jani lenyewe la huku kwetu linaishi humo.

Kuiingiza kwenye mmea

Kipande kikubwa cha Rubisko jeni yake iko ndani ya kloroplasti, kidogo jeni zake ziko kwenye kiini. Hii inaamua kila kitu. Ukigusa kikubwa unahitaji bunduki ya jeni, unapiga majani kwa chembe za dhahabu zilizopakwa DNA, unachagua kwa dawa ya spektinomaisini, na tumbaku ndo mmea unaokubali vizuri, nafaka ni ngumu sana. Ukigusa kidogo unatumia agrobakteria wa kawaida, bakteria anayeingiza jeni kwenye mmea, kwa hiyo mpunga unawezekana.

Mifano miwili ujifunze. Mwaka 2014 kundi la Maureen Hanson wa Cornell na Martin Parry wa Rothamsted waliitoa Rubisko ya tumbaku wakaweka ya sianobakteria yenye spidi zaidi, ikafanya kazi, mmea ukaishi, lakini ukahitaji hewa ukaa nyingi ili ukue maana hiyo enzaimu imezoea kukaa kwenye chumba chake cha hewa ukaa ndani ya bakteria. Mwaka 2011 Wajapani waliweka kipande kidogo cha mtama kwenye mpunga, spidi ya Rubisko ikapanda kweli, lakini na mahitaji ya hewa ukaa yakapanda nayo, kwa sababu imekuwa na tabia za C4 kwenye mmea usio na pampu. Kazi zote mbili ni nzuri sana kisayansi na zimefungua njia, ila kama ungekuwa unatafuta mavuno kwenye hewa ya leo, kipimo cha oksijeni 21 kingekuambia mapema.

Njia ya tatu ni kuongeza wingi. Kwenye mahindi, timu ya David Stern iliongeza vipande vyote viwili pamoja na msaidizi Raf1, mwaka 2018 wakaripoti Rubisko zaidi ya asilimia 30 na uzito mbichi juu asilimia 15. Ukiongeza vipande bila msaidizi havijengeki vikawa enzaimu. Kwenye mpunga kule Japani, Amane Makino na wenzake waliripoti mwaka 2020 mavuno juu asilimia 17 hadi 28 shambani, lakini pale ambapo naitrojeni ilikuwa ya kutosha. Nimekwambia Rubisko ni ghala la naitrojeni, mkulima anayeweka mfuko nusu wa mbolea kwa ekari hawezi kulipia Rubisko ya ziada. Kwa mkulima huyo enzaimu bora kwa kiasi kile kile ndo inayomfaa.

Shambani

Nchi yako ina sheria za usalama wa bayoteknolojia, anza na vibali kabla ya mbegu. Kenya iliondoa Oktoba 2022 katazo la 2012 la mazao yaliyobadilishwa jeni na kesi zikafuata mahakamani, kila nchi ina yake, kwa hiyo muulize afisa wa mamlaka husika mwaka mmoja kabla ya kupanda, na mpaka kibali kitoke kaa kwenye banda la kioo lililofungwa. Aina za asili ulizochagua kwa mashine ya gesi hazihitaji hayo, hiyo ni hoja nyingine tena ya kuanzia huko.

Panda mistari ya aina tatu, wenye jeni yako, mzazi ambaye hajaguswa, na ndugu waliopita kwenye maabara ile ile lakini jeni haikubaki, maana kukuzwa kwenye chupa peke yake kunabadilisha mmea na bila hao ndugu hutajua kilichosababisha ni nini. Mbolea weka viwango viwili, cha kituo cha utafiti na cha mkulima wa jirani. Usiishie kupima urefu na uzito wa majani, vuna mpaka mwisho, mhogo chimba mizizi ukaushe upime, mpunga piga punje. Angalia pia protini ya punje isije ikawa wanga umepanda na protini imeshuka, akina mama wanaolisha watoto uji watalipa hiyo gharama. Fanya misimu miwili isiyofanana, mmoja wa mvua nzuri na mmoja mbaya, na data ya msimu mbaya ichapishe pamoja na ya mzuri.